Dakika Ishirini za Kuchemka

Tangu Nzilani arudi kutoka hospitali na taya jipya, Wayua alikuwa na neno moja tu kwa kila mtu aliyepita getini: huyu msichana sasa ataringa. Ukimuuliza ataringa vipi, anabinua mdomo na kusema ni mvivu na mwongo yule, ngojeni mtaona.

Nzilani, mwalimu wa chekechea hapo Masii, alikuwa mkaza mwanawe, mke wa Mike. Alipoolewa taya lake la chini lilikuwa limetokeza mbele, meno ya chini yakiyapita ya juu, hata kuuma ndizi mbivu ilikuwa kazi. Wayua hakumpenda hata siku hizo, ila alijua mwanamke mwenye taya kama lile haendi popote. Kisha bima ya kazini kwa Mike, huko Mlolongo kwenye kampuni ya malori, ikakubali kulipa. Miaka miwili ya waya mdomoni. Upasuaji Nairobi, taya likakatwa, likarudishwa nyuma, likafungwa kwa skrubu ndogondogo. Waya tena kwa miezi kadhaa. Halafu siku moja waya zikatolewa, na nyumbani kwa Wayua kukawa na mwanamke ambaye watu walikuwa wakigeuka njiani kumtazama. Wayua aliuona uso huo kila asubuhi juu ya kikombe cha chai, na kila asubuhi ulimuudhi upya.

Na juu ya hayo kulikuwa na kidude. Kipande cha plastiki ya rangi ya waridi kilichokaa kwenye kaakaa, na uzi wa chuma uliopita mbele ya meno ya juu. Daktari alikiita ritena. Nzilani alikuwa amemweleza mama mkwe mara ngapi sijui: hiki kinayashika meno mahali yalipowekwa, kwa sababu mfupa haujakomaa, na ulimi na misuli ya mashavu bado inakumbuka njia ya zamani. Ukiyaachilia yanarudi kwao. Miezi sita ya kwanza mchana na usiku, kisha usiku tu, kwa miaka.

"Kwa miaka!" Wayua akacheka kile kicheko chake cha puani. "Nyanya yangu alichongwa meno siku moja, kwa patasi, na akaenda nayo kaburini yakiwa vile vile. Hayo yako ni meno gani ya kufungwa kila usiku kama mbuzi?"

Hawakuiva chungu kimoja, na hakuna aliyejifanya wanaiva.

Sasa ni lazima ujue jambo moja kuhusu Wayua, maana bila hilo utamdhania mchawi bure. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mchemshaji. Kulikuwa na zahanati ndogo upande wa Kivaa, na humo muuguzi alidunga na Wayua alichemsha. Sindano za kioo, makoleo, mikasi ya kukatia vitovu vya watoto, vyote vilipita kwenye sufuria yake. Dakika ishirini, kuanzia maji yanapotokota, si sekunde moja kabla. Madaktari walikuja wakahamishwa, na wengine walikuwa walevi, lakini vyombo vya Wayua havikumtia mtu usaha. Alipostaafu walimpa sufuria ile ile ya alumini, nyeusi chini na nyeupe ndani. Alirudi nayo Masii kama mtu aliyerudi na nishani, na akaendelea kuchemsha: vijiko, vitambaa, chupa za watoto wa majirani, mpaka brashi ya nywele. Watu walimcheka kidogo, naye akawadharau sana.

Jumapili moja Nzilani alikwenda kwao kwenye mazishi ya mjomba wake. Alilala huko siku mbili, na kwa haraka ya kuondoka alisahau kiboksi cha ritena juu ya meza ya chumbani.

Jumanne mchana mvua ikaja na upepo. Wayua alikuwa peke yake, na dirisha la chumba cha Mike na mkewe lilikuwa wazi, pazia likipigapiga nje. Alisimama koridoni akilitazama pazia lile kupitia mlango. Alivyolelewa yeye, mama haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe, haoni kitanda chao, hata nyumba ikivuja. Mama yake angekufa kwanza. Lakini mvua ilikuwa inaingia, na hakukuwa na wa kumtuma. Akaingia.

Alifunga dirisha. Hapo angetoka, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini kiboksi kilikuwa pale mezani, na mwaka mzima alikuwa akitamani kukiona hicho kitu bila mtu kumtazama. Akafungua. Plastiki ilikuwa na utando mweupe pembezoni, na harufu ya mdomo uliolala.

"Woi," alisema kwa sauti. "Na hiki ndicho anachokilalia! Mwalimu mzima!"

Akakibeba kwa vidole viwili mpaka jikoni, akaweka sufuria motoni. Je, alikuwa na nia mbaya? Mwenyewe alijiuliza baadaye, na jibu halikumpendeza. Alitaka kiwe safi. Pia alitaka kukiweka mezani Nzilani akirudi na kumwambia, mbele ya mtu kama ingewezekana, uchafu nilioutoa humu mimi naujua. Vyote viwili vilikuwa moyoni na vyote vilikuwa na nguvu.

Dakika ishirini. Alikitoa kwa koleo. Kilikuwa kimefifia rangi kidogo, na upande mmoja ulionekana kama umeinuka. Akaubonyeza kwa kidole gumba, kidude kikiwa bado cha moto. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba katika miaka yote ile ya zahanati hakuwahi kuchemsha plastiki. Kulikuwa na chuma na kioo, basi. Akakikausha haraka, akaingia chumbani mara ya pili, akakirudisha kwenye kiboksi, akafunga. Hakusema lolote juu ya uchafu.

Jioni Nzilani alirudi. Asubuhi iliyofuata aliketi mbele ya chai ameshika shavu.

"Kinanibana," alisema. "Usiku wote kimenibana mpaka kichwa kinauma."

Wayua alikuwa akikata sukuma. Kisu kilisimama. "Nini kinakubana?"

"Ritena. Ni makosa yangu. Siku mbili sikuvaa. Daktari alisema ukiruka siku, utakikuta kimebana, na dawa yake ni kujikaza na kukivaa."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini kusema nilikichemsha kulikuwa ni kusema pia niliingia chumbani kwenu, nikakiona kitanda chenu, nikapekua. Angemwambia Mike, na Mike angejua kwamba mama yake huingia. Wayua aliona afadhali afe.

"Basi jikaze," alisema, na kisu kikaendelea.

Na msichana akajikaza! Hilo ndilo lililomkasirisha Wayua kupita kiasi. Kama angekuwa mvivu, kama angekuwa mwongo kama alivyomtangaza kote Masii, angekitupa hicho kidude kwenye droo na meno yake yangepumzika. Lakini Nzilani alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Kila usiku alikisukuma mahali pake kwa vidole gumba viwili, machozi yakimtoka, na asubuhi alikula uji kwa sababu meno yalikuwa yanauma. Wayua, kwa hasira ya kumwona vile, alipika isyo siku tatu mfululizo, mahindi makavu na maharagwe, magumu kama changarawe.

"Huli?"

"Nitakula baadaye, mwaitu."

"Chakula changu ndicho kinachokushinda, au huo urembo wako?"

"Nimesema nitakula baadaye." Nzilani alimwita mwaitu, mama yangu, kama ilivyo desturi, lakini alijua kulitamka neno hilo hadi likafanana na tusi.

Siku ya kumi na mbili alimjia uani juani. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwendea, na ilionekana jinsi ilivyomchoma kumwendea huyu.

"Mwaitu, nitazame. Kioo kinanichanganya. Nikiuma hivi, meno ya mbele yanakutana?"

Akauma, akafunua midomo. Wayua alisogea. Mwaka mmoja uliopita meno yale yalikutana vizuri kama kifuniko na chungu chake, hilo alikuwa amelikubali moyoni japo hangelisema. Sasa mawili ya juu yalikuwa yamesukumwa mbele, na kati ya juu na chini palikuwa na mwanya. Kijiti cha kiberiti kingepita. Macho ya Nzilani yalikuwa yanamsubiri, makubwa, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hayakuwa na ubishi wowote. Yalikuwa na woga tu.

"Yako vile vile," Wayua alisema.

"Kweli?"

"Si nimekwambia? Unajitafutia ugonjwa."

Nzilani akashusha pumzi, akasema asante. Usiku ule akakivaa tena. Wayua alilala akiwa macho, akimchukia kwa ile asante.

Siku mbili baadaye Nzilani aliuma mkate na mkate haukukatika. Alijaribu tena. Aliuweka chini, akaenda nyuma ya nyumba akalia kwa sauti, mtu mzima, kama vile hakuna majirani. Hivyo ndivyo alivyokula utotoni, akivuta chakula kwa meno ya pembeni huku wenzake wakimwiga, na alikuwa ameapa kwamba hatarudi huko. Mike akapigiwa simu. Hakuweza kutoka kazini, akamwambia mama yake, kwa sauti ambayo Wayua hakuizoea, "Mama, enda naye kwa daktari Machakos. Asiende peke yake."

Daktari wa meno aliyemtia waya, pale kliniki ya mjini, alikuwa mwanamke mfupi aitwaye Mutanu, mwenye ulimi usiobembeleza. Wayua aliketishwa kwenye kiti cha plastiki pembeni, mkoba mapajani. Nzilani alilazwa, taa ikawashwa, mdomo ukafunguliwa.

"Ritena umevaa?"

"Kila usiku, daktari."

"Usiniambie kila usiku. Watu kumi kwa siku wananiambia kila usiku."

"Nimeruka siku mbili tu. Nilikuwa mazishini."

"Siku mbili hazifanyi hivi." Alichukua ritena, akajaribu kuiweka, Nzilani akashtuka kwa maumivu. "Unaona? Haikai, kwa sababu meno yamehama. Na yamehama kwa sababu hukuvaa. Mimi na daktari wa upasuaji tumekaa na wewe miaka mitatu. Tulikuonya kwamba mwaka wa kwanza ndio wa hatari. Sasa unakuja kunidanganya kwenye kiti changu?"

"Nimevaa! Naapa kwa Mungu nimevaa! Nimevaa mpaka nikashindwa kula!"

"Nitaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hafuati maagizo," daktari akasema, akivua glavu. "Bima wakiniuliza, hicho ndicho watakachosoma. Sidhani watakulipia waya mara ya pili."

Kalamu ikashuka kwenye karatasi. Nzilani alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakitikisika chini ya kitambaa cha kijani.

Wayua aliitazama kalamu. Alizijua faili. Kinachoandikwa humo hakitoki, hata ukipiga magoti. Haya, si hili ndilo alilolitaka? Mwaka mzima alikuwa akiwaambia watu huyu msichana ni mwongo, na sasa daktari mwenye shahada ukutani alikuwa anaandika hilo hilo kwa wino. Angekaa kimya dakika moja zaidi tu na jambo lingekwisha. Angerudi Masii akiwa mshindi, na hakuna ambaye angejua kamwe.

"Mimi ndiye niliyekichemsha," alisema.

Daktari aligeuka. "Umesema?"

"Hicho kidude. Nilikichemsha. Yeye alikuwa kwao."

"Ulichemsha vipi?"

"Dakika ishirini," Wayua akasema, na Mungu amsamehe, shingo ilimnyooka alipolisema. "Kuanzia maji yalipotokota."

Hakuna aliyecheka. Daktari alikwenda kwenye kabati, akatoa mfano wa meno ya Nzilani uliotengenezwa kwa plasta nyeupe siku waya zilipotolewa. Akaweka ritena juu yake na kuigusa kwa kidole. Ikayumba, upande huu, upande ule, kama meza isiyo na mguu mmoja. Akaigusa tena ili wote waone.

"Plastiki hii huoshwa kwa maji baridi," alisema polepole. "Ya moto huipinda. Kwa hiyo siku zote hizi," na hapa alimtazama Nzilani, sauti yake ikashuka, "hukuwa unayashika meno. Ulikuwa unayasukuma. Na jinsi ulivyozidi kujikaza ndivyo ulivyozidi kuyaharibu. Nisamehe kwa niliyosema."

Akapiga mstari juu ya alichoandika. Taya lenyewe liko salama, alieleza, skrubu na mfupa havina neno. Ni meno ya mbele. Atatengeneza ritena nyingine ya kuyarudisha taratibu, na itavaliwa mchana na usiku, miezi sita, tangu mwanzo. "Mngekuja baada ya mwezi mmoja ningekuwa nawaambia habari nyingine." Akaukanda udongo wa kuchukulia umbo la meno, na Nzilani akauma akitazama dari. Hakumtazama Wayua hata mara moja.

Alimtazama nje, kwenye ngazi za kliniki.

"Uliingia chumbani kwangu."

"Mvua ilikuwa inaingia. Nilifunga dirisha."

"Na kiboksi kilikuwa dirishani?"

Wayua akakimbilia lile la zamani. "Kilikuwa kichafu. Mimi nimechemsha vyombo miaka ishirini na sita, hakuna mtu—"

"Nilikuja kwako," Nzilani akamkata. Hakupaza sauti. "Nikafungua mdomo wangu mbele yako. Mbele yako wewe! Nikakuuliza, mwaitu, yanakutana? Ukaona. Usiniambie hukuona."

"Niliona."

"Ukasema yako vile vile."

"Nilisema."

Nzilani alingoja. Lilibaki neno moja, na wote wawili walilijua, na Wayua alilitafuta kinywani mwake kwa uaminifu kabisa, lakini hakuwahi kulitumia kwa mtu aliye mdogo kwake na halikuja. Nzilani akatikisa kichwa, akateremka ngazi.

Hakusema naye tena. Si siku ile, si kesho yake. Alipika, akaweka sahani mbele ya Wayua kama anayewekea kuku, akaenda kula chumbani, na sasa chumba kilikuwa na kufuli. Alhamisi alikwenda peke yake akarudi na ritena mpya. Wayua aliona tu mdomo ulivyojaa.

Ijumaa asubuhi Wayua aliteremsha sufuria yake ya alumini kutoka msumarini ili achemshe chupa ya mtoto wa jirani. Akaiweka motoni, akatia maji. Moto ukazimika kwa sauti ya chwaa. Akainua sufuria kwenye mwanga wa mlango, na mwanga ukapita. Matundu matatu chini, yamepangwa mstari mmoja, kila moja la ukubwa wa msumari wa inchi nne.

Aliketi kwenye kigoda. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Nzilani alikuwa shuleni, lakini nyundo ilikuwa imeachwa kwenye rafu ya vyombo, wala haikurudishwa mahali pake. Haikufichwa hata kidogo. Wayua alishika simu amwambie Mike. Akaiweka chini. Akaishika tena. Mwishowe aliitundika sufuria pale pale msumarini, akamwambia jirani leo hachemshi.

Mike alikuja kutoka Mlolongo Jumamosi. Mchana, wote watatu waliketi mezani, kwa sababu Mike alikuwepo. Alitafuta cha kuchotea maji, akaishusha sufuria, maji yakamwagika kwenye viatu vyake.

"Hii imetoboka! Mama, hii sufuria yako!"

Nzilani aliacha kupakua. Aliinua kichwa na kumtazama Wayua moja kwa moja, akiwa tayari kwa vita, kidevu juu, kile kidevu kipya.

"Imezeeka," Wayua alisema.

"Imezeeka nini? Haya matundu ni ya msumari. Mtu ametoboa."

"Mike, nimesema imezeeka. Nimeitumia sana."

"Basi nitakununulia nyingine."

"Usininunulie."

Mike alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akairudisha sufuria msumarini. Nzilani alikuwa bado amesimama na mwiko mkononi. Kisha akaketi. Miezi ile sita ya mwanzo, kabla ya kula, alikuwa akigeuka ukutani na kuitoa ritena kwa siri ili asitukanwe. Sasa aliitoa pale pale, mbele ya Wayua, akaiweka kwenye kiboksi, akakiacha wazi katikati ya meza, karibu na mkono wa mama mkwe.

"Chumvi imesahaulika," alisema, si kwa mtu yeyote, akainuka akaenda kuitafuta. Alichukua muda mrefu sana kwa chumvi. Mike alitoka kumwaga maji ya viatuni.

Wayua alibaki peke yake na kile kidude, chenye mate, na utando mweupe ulioanza tayari pembezoni. Aliiingiza mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia, akangoja mwenye kidude arudi.